Salu Aliyezibwa Uso

Method na Kija walioana kwa sababu ya ukurasa mmoja wa katuni. Atakayebisha aende akaulize ukoo wao, maana pande zote mbili zilinung'unika hadi zikachoka.

Method alikuwa na gazeti la katuni lililochanika ukurasa wa mwisho. Shujaa wa gazeti lile alikuwa amening'inia kwa vidole vitatu kwenye ukingo wa ghorofa, na chini yake moto. Method alikaa miezi minne hajui yule mtu aliponaje, akawa anajitungia miisho kichwani wakati anapima pamba pale ushirika. Siku moja akasikia kwamba binti wa fundi cherehani, nyuma ya ginneri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, anao ule ukurasa. Uliletwa kwao umefungiwa maandazi. Akaenda mbio. Kija akamtazama, akaona jinsi anavyohema, akasema hampi ng'o, ila akipenda atamsomea. Akamsomea. Method akarudi kesho yake asomewe tena, na keshokutwa, hadi baba wa binti akauliza huu ukurasa una maneno mangapi.

Wakawa mtu na mkewe. Nyumba nyingine hugombana kwa sababu ya mboga, yao iligombana kuhusu mashujaa: yupi ana nguvu zaidi, yupi angemshinda yupi, na kama mtu anayeruka angani husikia baridi. Walichora katuni zao wenyewe kwenye madaftari ya shule, Kija akichora, Method akiandika maneno. Wakila ugali waliongea kwa sauti za mashujaa. Mama mkwe aliwahi kuingia akamkuta mwanawe anaomba chumvi kwa sauti ya jambazi, akatoka bila kuaga.

Kisha biashara ikaachiwa huru. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao, mitumba ikajaa mnadani, na ushirika ukapunguza watu, Method akiwa wa kwanza. Wengine walipopewa kiinua mgongo walinunua ng'ombe. Method alinunua televisheni, deki na jenereta. Alijaribu kwanza kunasa matangazo ya televisheni yaliyokuwa yameanza Dar es Salaam, akapanda juu ya bati na antena na kifuniko cha sufuria, Kija akiwa chini anapiga kelele, "Chenga! Bado chenga!" Chenga tu, wiki nzima. Ndipo wakajenga banda la video karibu na uwanja wa mnada wa kila wiki, kuta za magunia, paa la turubai, mabenchi ya mbao.

Sasa, filamu zile zilikuwa za Kiingereza, na watazamaji wa Bariadi, Wasukuma, wengi wao Kiswahili chenyewe walikiazima shuleni. Kwa hiyo Method alikaa pembeni ya televisheni na maiki, akafasiri. Nasema akafasiri, lakini Kiingereza cha Method kiliishia kidato cha pili na cha Kija hakikuanza kabisa. Waliitazama kanda mara tano au sita wakiwa peke yao, wakapatana nani ni nani na anataka nini, kisha wakasema wanavyoona inafaa. Method alisema wanaume, Kija alisema wanawake, watoto na mbwa. Watu waliokuja kutoka vijiji vya Sapiwi na Zagayu waliapa kwamba hakuna mabingwa wa Kiingereza kama wale wawili. Ilikuwa kazi tamu. Kija alikuwa akiamka siku ya mnada moyo unamdunda kwa furaha.

Kanda iliyopendwa kupita zote haikuwa na jalada. Ilikuwa ya mtu mmoja mwenye joho la rangi ya damu ya mzee na kinyago cha kijivu kilichoziba uso wote, hata mdomo usionekane. Anaruka juu ya mji mkubwa, anabeba magari, anaokoa watoto. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, Method akilitamka anajing'ata. Benchi la mbele siku zote alikaa kijana mmoja wa Sapiwi, Salu, mbeba marobota, mabega kama mlango. Salu akimwona yule wa kinyago anatokea, anasimama, anakunja mikono, anakaa kama yeye. Siku moja Method akamtania kwenye maiki: "Mnamwona huyo? Ni Salu wa Sapiwi, kavaa koti la mjomba wake!" Banda likapasuka kwa kicheko. Salu alicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo yule shujaa akawa Salu, na watoto mitaani wakawa wanafunga khanga za mama zao shingoni, wanakimbia wakiitana Salu.

Masika yalipoanza, Salu mwenyewe aliondoka kwenda machimboni kutafuta dhahabu. Aliaga banda zima kama waziri. Aprili, rafiki yake Joakim, aliyekwenda naye, akarudi na koti la Salu na viatu vyake, vimeganda udongo mwekundu. Mvua ilishuka usiku kucha, maji yakaingia shimoni, watu watatu wakabaki ndani, Salu mmoja wao. Wenzao walisubiri siku nne yapungue. Hayakupungua, shimo likafukiwa.

Kija alilia sana. Method akasema hawatalitumia tena lile jina. Mnada uliofuata alimwita yule wa kinyago jina jingine, watu wakapiga miluzi, wakagonga mabenchi. "Salu! Tunataka Salu!" Method akamtazama Kija, Kija akatazama chini, na Method akasema, "Haya. Salu huyo anakuja."

Nje, katikati ya wauza matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, alikuwa anapita mama mmoja mzee ambaye hakuwahi kuona televisheni maishani mwake. Alisikia spika inaita jina la mwanawe. Aliinua gunia la mlangoni, akaingia, akasimama katikati ya mabenchi.

Huyo ndiye Mayu Milembe, yaani Mama Milembe kwa Kisukuma, mama yake Salu. Hakuwa na mtoto mwingine.

Filamu ilipokwisha na watu wakatoka, alibaki. Aliisogelea televisheni iliyozimwa, akaipapasa pembeni na nyuma, kama mtu anayetafuta mlango. Kija akamwamkia, "Mwadila, mayu." 

"Mwadila, ng'wanawane." Alimwita mwanangu, kwa Kisukuma chao. "Nilijua hakufa. Shimo gani la kummeza Salu? Nilisema wamemchukua. Wamemweka mahali wanamtumikisha." Alimaanisha msukule, yule mtu anayesemekana kafa kumbe kafichwa. "Sasa niambie wewe unayejua lugha yao. Kwa nini wamemziba uso?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno moja tu lilitosha: siye. Kija alilijua neno lile, lilikuwa ulimini. Lakini aliyatazama yale macho, akaona yanavyomng'ang'ania, moyo ukamlegea.

"Ni kazi yake, mayu," akasema. "Ndivyo kazi inavyotaka."

"Anakula?"

"Anakula."

"Wabeja," mama akashukuru. "Wabeja gete, ng'wanawane." Akaondoka amenyooka mgongo.

Jioni ile Kija alimsimulia mumewe, akategemea atagombwa. Macho ya Method yakang'aa kama yalivyong'aa siku ya ule ukurasa. "Unajua," akasema, "shujaa anaweza kumsalimia mama yake. Kuna pale anaposimama juu ya mnara hasemi kitu." Na Kija, Mungu amsamehe, alisema ni wazo zuri. Alisema hata maneno ya kuweka.

Mnada uliofuata Mayu Milembe alikaa benchi la mbele, mahali pa mwanawe. Yule wa kinyago aliposimama juu ya mnara, Method alisema kwa Kisukuma, kwa sauti nzito aliyoizoea: "Mayu Milembe, mwadila. Mimi mzima. Kazi ni nyingi, usinililie." Mama akaitikia kwa sauti kubwa. Banda likapiga makofi, wengine wakifuta machozi, na Method na Kija wakashikana mikono chini ya meza. Walijiona wamefanya jambo kubwa kuliko filamu zote.

Ikawa desturi. Kila mnada mama anakuja na kibuyu cha maziwa na matobolwa ndani ya kitambaa, anaviweka mbele ya televisheni, anakaa, anasalimiwa, anaitikia. Anaeleza ndama gani kazaliwa. Method alijifunza kuacha nafasi ili mama amalize. Lakini kila alipokuja alikuwa amekonda zaidi, maana chakula kile alichokileta kilikuwa chake.

Wiki ya tisa akaja Jilala, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mtu mpole, mkatoliki, kofia mkononi. Alikaa kwa Method na Kija, akanywa chai yote kabla ya kusema.

"Tumepanga matanga mara mbili," akasema. "Mara mbili shemeji amekataa kunyolewa nywele za msiba. Anasema watu hawamnyolei mtu aliye hai. Mkwe wake, Shida, aliyeolewa na Salu, amekaa tu ndani, si mke si mjane. Hawezi kwenda kwao, hawezi kulima. Mtu aliyekufa, ndugu zake wasipomnyolea nywele, wazee wetu wanasema hajaachiwa aende. Mimi ni mtu wa kanisa, sisemi kama ni kweli. Nasema tu shemeji hali vizuri, na ninyi ndio mnaosikilizwa. Mwambieni."

"Tutamwambia, baba," akasema Method.

Alipoondoka, wakagombana. Kija alisema wamfuate mama Sapiwi wamweleze ana kwa ana. Method akasema hapana, litamuua; yule mama amelijengea banda imani, basi imani ivunjwe bandani, taratibu. Salu atamuaga. Atasema anakwenda nchi ambako hakurudiki, mama akubali, anyoe nywele, ampe Shida ruhusa. "Shujaa anaondoka kwa heshima," Method akasema. "Hafi. Siwezi kumuua, Kija. Sijawahi kumuua shujaa hata kwenye daftari." Na ni kweli, hakuwahi. Kija akakubali, kwa sababu kuongea kupitia kanda ilikuwa rahisi kuliko kuongea uso kwa uso, naye alimwogopa yule mama.

Waliyaandika maneno ya kuaga kwenye daftari. Walichagua pale shujaa anaporuka juu ya mji saa sita mchana, jua limewaka, chini mto unang'aa. Siku ikafika. Banda limejaa, pamba imeanza kununuliwa, watu wana furaha zao. Mama mbele, kibuyu miguuni. Yule wa kinyago akainuka angani. Method akavuta pumzi, akasogeza maiki.

"Mayu," akasema.

Kija alikuwa na daftari mbele yake, kidole kwenye mstari wa kwanza. Mstari ulisema: Mayu, kazi yangu hapa imekwisha. Kidole kikangoja.

"Mayu, huku ni giza," Method akasema. "Kuna maji. Yananifika kiunoni."

Haikuwa sauti ya shujaa. Ilikuwa sauti ya kijana, nyembamba kidogo, yenye kukwaruza, na Kija aliifahamu, maana iliwahi kucheka kwenye benchi la mbele kuliko wote. Kwenye kioo, mtu mwenye joho aliendelea kuruka kwenye jua.

"Tuko watatu. Mmoja hasemi tena. Taa imezimika. Tunapiga ukuta kwa sururu wasikie, mayu. Hawasikii?"

Mama akasimama. "Maji gani, mwanangu? Maji gani hayo?"

Method akafungua mdomo kumjibu, akaanza kukohoa. Alikohoa hadi akaanguka magotini. Kija akazima jenereta. Alipomshika mumewe mgongoni, shati lilikuwa limelowa, na alichokitema chini kilikuwa matope mekundu. Udongo wa Bariadi ni mweusi, kila mkulima anajua hilo. Kija aliyafukia kwa mguu kabla mtu hajayaona.

"Nilisoma," Method alisema baadaye. "Niliusoma ule mstari kama ulivyo. Nilisikia ninavyousoma."

Hakuwa mtu wa kudanganya kuhusu mambo ya maiki. Kija alimwamini, na hapo ndipo alipoogopa.

Mnada uliofuata waliificha ile kanda ndani ya pipa la mahindi, wakaweka kanda nyingine ya kuchekesha, ya mpishi mnene na kuku wake. Mama alikuwepo. Alikuwa hakurudi Sapiwi. Wiki nzima alilala kwa mtu mmoja wa kanisa hapo mjini, na mchana alikaa mlangoni pa banda. Mpishi akamfukuza kuku kuzunguka meza, watu wakaanza kucheka, Method akasogeza maiki kusema neno la mpishi, na Kija akaona macho ya mumewe yakitoka.

"Yako kifuani, mayu. Wale wawili wamenyamaza. Nimebaki mimi. Mbona kila siku yanapanda wala hayanimalizi? Nimechoka."

Watu walikimbia wakiangusha mabenchi. Mama alibaki, amejishika kifua kwa mikono miwili, akisema polepole, "Niko hapa, niko hapa, niko hapa."

Wiki ile nyumba yao ikawa kimya. Kwa mara ya kwanza tangu waoane hakuna aliyeomba chumvi kwa sauti ya mtu mwingine. Method hakuongea kwa kuwa aliogopa atakachosema. Kija hakumsemesha kwa kuwa aliogopa atakayemjibu. Method alipokohoa tu, Kija aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza kama ni yeye. Madaftari yao ya katuni yalikuwa mezani, na hakuna aliyeyafungua. Kija alimtazama mumewe akinywa uji, akaona kila akimeza anashika shingo, akahesabu mwenyewe: kiunoni, kifuani. Linalofuata hata mtoto analijua.

"Tukifungua siku ya mnada yatanifika mdomoni," Method akasema, kwa kunong'ona. "Na tusipofungua yatanifika hapa hapa. Nayasikia yanakuja. Mimi nitakufa maji juu ya kitanda, Kija."

"Hutakufa."

"Tumefanya nini?"

Kija alijua walichofanya. Alijua tangu neno la kwanza, tangu lile "ni kazi yake". Siku zote alijiambia kuwa alilisema kwa huruma, na huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini ilikuwepo pia raha ya kutunga, ya kuona hadithi yao imetoka kwenye kioo, imemshika mtu halisi, inamfanya ainuke na kuitikia. Hakuna katuni iliyowahi kufanya hivyo. Aibu ilimchoma usoni peke yake jikoni.

Siku ya mnada, saa nane mchana, alitoka peke yake. Mama alikuwa mlangoni pa banda, na safari hii Jilala na Shida walikuwa wamekuja kumchukua, wamesimama pembeni hawajui waanzeje. Shida alikuwa binti mdogo, macho yamechoka. Watu wachache waliotaka video walikuwa wamekwisha kusogea. Kija akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mama, kama mkwe.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Leo anasema nini?"

"Hasemi, mayu. Yule si Salu. Ni mtu wa Ulaya, kalipwa aigize, simjui jina. Anayeongea ni mume wangu. Maneno tunayatunga sisi wawili, mezani kwetu. Yule mtu tulimpa jina la Salu kwa utani, Salu alipokuwa hai. Salu alikufa shimoni mwezi wa nne. Joakim alisema kweli."

Mama hakupiga kelele. Alimtazama Kija kwa muda mrefu, hata Jilala akasogea, akidhani ataanguka.

"Na maji?" akauliza. "Maji mmeyatunga mezani?"

"Hapana, mayu. Hayo hatukuyatunga."

"Basi huyo alikuwa yeye."

Kija akainamia vumbi.

"Ulijua siku ya kwanza?" mama akauliza. "Nilipokuuliza kama anakula?"

"Nilijua."

"Miezi mitatu," akasema Mayu Milembe, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayepanga jambo kichwani. "Mwanangu alikufa Aprili. Angekuwa amekufa mara moja, akapumzika. Mimi ningelia, ningenyoa, ningemwachia aende kwa baba yake. Nimekaa na nywele zangu kichwani kwa ajili ya neno lako, na yeye amekaa majini akingoja. Miezi mitatu mmemweka mwanangu majini."

Hata wale waliotaka video walivua kofia. Kija aliona afadhali angepigwa.

Mama akamgeukia Shida. "Nenda dukani, kalete wembe. Mpya."

"Mayu, tutanyoa nyumbani," Jilala akasema kwa upole. "Wenzetu wanatungoja."

"Sisi tutanyoa nyumbani. Hawa hawatakanyaga nyumbani kwangu." Akaelekeza kidole bandani. "Mlete mumeo. Mmeishi na sauti ya mwanangu kinywani, mmekula maziwa yake na matobolwa yake. Ni ndugu wa msiba ninyi, mtake msitake. Kaeni hapo."

Method aliletwa. Alitembea amejishika ukuta, midomo imefungwa kwa nguvu, anapumua kwa pua. Walikaa kwenye benchi la mbele, lililotolewa nje juani, na mama akasimama nyuma yao na wembe na kopo la maji. Alianza na Kija. Mkono wake haukuwa mwepesi. Nywele zilianguka mapajani, Kija akalia bila kujificha, akamlilia Salu wa mabega mapana, akamlilia na huyu mama, na wakati analia alihisi vidole vya mzee vikimshika kichwa kwa uthabiti ili asimkate. Alikatwa mara moja, nyuma ya sikio. Mama akapafuta kwa khanga yake mwenyewe, akaendelea.

Kisha Method. Mama alipokuwa amemaliza upande mmoja, pumzi za Method zikaanza kukwama, koo likawa linapanda na kushuka, na Kija akamshika mkono akijua kwamba yanakuja, kwamba ndiyo sasa. Mama hakuongeza haraka wala hakupunguza. Alikuwa akisema jambo kwa Kisukuma, chini chini, si kwa Method. Kija alisikia vipande: jina la baba yake Salu, jina la babu yake, lala, nenda, mlango uko wazi, mama yako amekubali. Nywele za mwisho zikaanguka. Method akavuta pumzi ndefu kuliko zote, ikaingia hadi mwisho.

Mama akauweka wembe kwenye benchi, akazunguka, akaja kusimama mbele yake.

"Sema," akamwambia.

Method akatikisa kichwa.

"Sema, kijana."

Method akalamba midomo. Akamtazama mkewe, kisha akamtazama mama.

"Mwadila, mayu," akasema.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya kawaida, imekauka kidogo kwa kutotumika. Mayu Milembe aliinamisha kichwa, sikio lake karibu na mdomo wa Method, akasikiliza hata baada ya maneno kwisha. Alisikiliza muda mrefu.

"Ni wewe tu," akasema.

Akakaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu, akaanza kumlilia mwanawe.